Riviu ya apu ya mkopo: nilibonyeza "Ruhusu" kwa niaba ya watu 412

Jina la apu silitaji. Kwanza limeshabadilika mara mbili tangu nikope, pili sitaki mtu aje kunitafuta, yaliyonipata yamenitosha. Ni hizi za kijani, "mkopo ndani ya dakika 5 bila dhamana", mnazijua, labda na wewe unayo hapo.

Nianze na sifa maana riviu ya kuponda mwanzo mwisho haina haki. Apu ni nyepesi, inafunguka vizuri hata kwenye simu ya ram giga 2, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha apu nyingi za kibongo, na hela iliingia dakika nne baada ya kubonyeza. Dakika nne jamani. Nina akaunti benki miaka sita, siku nilipoulizia mkopo nikaambiwa barua ya serikali ya mtaa, leseni ya biashara, wadhamini wawili na nirudi wiki ijayo. Kwa hiyo yeyote anayesema watu wanakopa humu kwa ujinga, mi huwa namuuliza wewe ulishawahi kuhitaji hela saa nane mchana?

Mi ni fundi simu, nina meza Aggrey, Kariakoo. Mwezi wa tano 2024 blowa, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto kwenye bodi, iliniungulia katikati ya kazi, bodi ya mteja iko wazi mezani, mteja mwenyewe kasimama pembeni anaangalia saa. Blowa ya mtumba niliyoelewana bei na jamaa ni 110,000, mfukoni nina 45,000. Ningeweza kumpigia shemeji. Ningeweza kwenda kikoba cha mke wangu, ila kikoba ukikopa kila mtu anajua umekopa na anajua umekopea nini, na Jumapili unakaa kwenye kiti cha plastiki mama mwenyekiti anasoma jina lako kwa sauti kuanzia deni la zamani. Nikasema hapana bana, mi mtu mzima, nakopa kwenye simu yangu kimyakimya, nalipa kimyakimya, nani ana haja ya kujua.

Shikeni hilo neno kimyakimya, tutarudi.

Sasa hapa ndo pa kunicheka. Duka la Google tangu 31 Mei 2023 haliruhusu apu za mikopo kusoma majina ya kwenye simu wala picha zako. Mi hiyo naijua, ni kazi yangu kujua. Ila hii ilikuja kwa linki ya tangazo la Facebook, faili la apk, yaani apu unaiingiza mwenyewe bila kupitia dukani, simu ikanionya chanzo hakijulikani, nikabonyeza endelea bila hata kusoma maana hiyo "endelea" huwa nawabonyezea wateja kutwa nzima. Afu zikaja ruhusa moja moja, majina, meseji, picha, mahali ulipo. Ruhusu, ruhusu, ruhusu, ruhusu. Ikaniambia nijipige picha nimeshika kitambulisho cha NIDA karibu na uso, nikajipiga, jasho linanitiririka, nyuma yangu bango la "Tunatengeneza chaji sistimu".

Na mjue mi ndo yule mtu wa "niacheni". Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliposema wanaotumia VPN, zile apu za kuficha njia unayopita mtandaoni, wajisajili, nilibishana na wote wa mezani, nikasema simu nimenunua kwa hela yangu, bando langu, napita njia ninayotaka. Wateja wa iPhone nawatania kwamba wamepanga hiyo simu, hawajanunua, maana hata apu mpaka mwenye nyumba, Apple, akubali. Android ndo uhuru. Nimelisema hilo labda mara elfu.

Haya, niliomba laki moja. Iliyoingia ni 65,000. Thelathini na tano imekatwa "ada ya huduma", halafu kurudisha ni laki kamili ndani ya siku saba. Kwenye tangazo imeandikwa siku 91, na sababu yake ni kwamba Google hawakubali mkopo wa kurudishwa wote ndani ya siku 60 au pungufu, kwa hiyo hizi apu zinaandika namba kubwa nje, ndani ni wiki. Nikajumlisha 45 na 65, nikapata 110 kamili, blowa nikanunua, hata ya soda haikubaki.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani hawa wenye leseni ya BoT, Benki Kuu, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ukomo wao wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Mi nimelipa 35,000 juu ya 65,000 kwa siku saba, ni karibu asilimia 54 kwa wiki. Ila hawaiiti riba, wanaita ada. Mtaani tunaita kausha damu na sidhani kama kuna mtu ameipatia jina bora kuliko hilo.

Lakini hela siyo iliyoniuma. Ile nilikubali, nilisoma 65 nikabonyeza, nimeyala mwenyewe.

Siku ya sita, deni bado halijaiva, jioni nashuka kwenye gari Mbagala Rangi Tatu, simu inaita. Baba mkwe, yuko Korogwe. Yule mzee hapigi, yeye anabipu. Akipiga ujue msiba.

"Baba Swaumu."

"Naam baba, shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimekudhamini lini?"

Nikakosa jibu. Akaendelea taratibu, akasema imeingia meseji kwenye simu yake, macho hayaoni vizuri siku hizi kwa hiyo kamwita kijana wa jirani amsomee. Kijana kamsomea. Kwamba namba yake imeandikishwa kuwa mdhamini wa mkopo ambao mimi, na majina yangu yote matatu, nimekataa kulipa, na asiponiambia nilipe leo hatua zitachukuliwa juu yake. Mzee akanyamaza kidogo, afu akauliza ni shilingi ngapi, maana ana mbuzi wawili, mmoja anaweza kuuza kesho mnadani.

Aisee. Nilisimama pale stendi kondakta ananipigia kelele nitoke njiani.

Nilipofika nyumbani ndo nikaona ukubwa wake. Mteja wa Mwanza ambaye tulionana mara moja 2019. Ustadhi wa madrasa ya wanangu. Mwenye nyumba. Dada mmoja aliyewahi kuniuzia kiwanja, yaani kuniuzia ambacho hakikuwepo, hata yeye ananiuliza "kaka vipi, umeanza utapeli?". Wengine walitumiwa na ile picha yangu ya jasho, chini imeandikwa MWIZI kwa herufi nyekundu. Nilihesabu kwenye simu, majina 412. Sijui waliotumiwa ni wangapi, ila kwa wiki mbili kila aliyenipigia nilikuwa naanza kwa kujieleza kabla hajasema alichopigia.

Kwa hiyo ile kimyakimya yangu imeishia pale. Kikoba wangejua wanawake kumi na nane, hii wamejua mikoa sita.

Nililipa siku ya saba saa tatu asubuhi. Saa tano ikaja meseji ya hongera mteja wetu mwaminifu, sasa unaweza kukopa 180,000.

Huduma kwa wateja, kama riviu inataka nizungumzie na hiyo: ipo namba, inapokelewa, anayepokea anakutukana mama yako. Nikazituma zile namba zao kwenda 15040, ya kuripoti matapeli, kama tunavyoambiwa, kesho yake jamaa wanakuja na namba nyingine. Na hapa nina swali ambalo huwa linanikera mpaka leo. Laini zote nchi hii zina alama za vidole, tulipanga foleni Desemba 2019, ukomo ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020, bibi zetu waliteseka kutafuta namba ya NIDA, tukaambiwa ni kwa ajili ya matapeli. Sasa huyu anayenitukana kwa namba tano kwa siku ni kidole cha nani? Kidole changu kinajulikana, chake hakijulikani. (Wewe unayesoma, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, unaweza ukakuta kidole ni chako.)

Mjomba wangu mmoja, mtu wa serikali serikali, aliniambia si ndo ulitaka uhuru, umeupata, uliruhusu mwenyewe. Lilinikaa hilo neno siku nyingi, nikashindwa kulijibu, mpaka siku moja nachaji kitochi cha mtu, hizi simu ndogo za batani, pale mezani ndo nikaelewa kilichokuwa kinanisumbua. Mi niliruhusu, sawa. Baba mkwe hakuruhusu kitu. Kitochi chake hakina hata hiyo "Ruhusu" ya kubonyeza. Namba yake nilipewa ili nimjulie hali na kumtumia hela ya sukari, mi nikaigawa kwa mtu nisiyemjua kupata 65,000. Simu ni yangu, bodi yangu, bando langu, lakini yale majina 412 ndani yake ni ya watu, nimewekeshwa tu. Na hili hakuna aliyeniambia, wala ule ukurasa wa ruhusa hausemi "utatoa namba za wakwe zako", unasema "kuboresha huduma".

Ndo nikaenda kuisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023, ina na tume yake ambayo mtu unaweza kupeleka malalamiko. Nilikuwa nikidhani ni ya mabenki na maofisi yenye viyoyozi. Kenya wenzetu Septemba 2023 kamishna wao wa data aliilima kampuni moja ya apu za mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za kwao, kosa likiwa hilihili, kuchukua namba za watu na kuzitumia kutishia. Nilifurahi kuliko ninavyotakiwa kufurahi kwa mtu wa "niacheni".

Ila msinibebe mkanipeleka upande wa mjomba. BoT Agosti 2024 walitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali, Novemba mwaka huohuo wakatoa orodha ya apu na majukwaa 69 yasiyo na leseni. Vizuri. Nikaisoma yote kutafuta ya kwangu, na hata ningeipita nisingeijua maana ilikuwa imeshabadilisha jina. Ukifunga jina, jina ni kitu rahisi, mi mwenyewe naweza kukubadilishia jina na picha ya apu hapa mezani kabla chai haijapoa. Aliyenyuma ya apu, huyo ndo wa kufunga, aandikishe ofisi yake na kidole chake kama mimi nilivyoandikisha changu.

Na Google nao wana lao. Agosti 2025 walitangaza kwamba kuanzia 2026 apu hata ya nje ya duka lao itakuwa haiingii kwenye simu nyingi za Android mpaka aliyeitengeneza ajitambulishe kwao, wanaanza na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, sisi wengine 2027 huko. Watu wakapiga kelele sana, baadaye wakasema wataacha mlango kwa watumiaji wazoefu, wale wanaojua wanachofanya. Hapo nilicheka peke yangu mezani. Mtu anayejua anachofanya si ndo mimi? Pamoja na hivyo siipendi. Kuna kijana wa mtaani kwetu kamtengenezea mke wangu apu ya hesabu za kikoba, haiko dukani, haitakuwa dukani, anaituma kwa WhatsApp na inafanya kazi vizuri tu. Akajitambulishe kwa Wamarekani kwa ajili ya wanawake kumi na nane wa Mbagala? Mbanieni anayekopesha, simu yangu iacheni wazi, nikijichoma nijichome mwenyewe. Tatizo sikujichoma mwenyewe, najua, ndo maana hili nalizungukazunguka bado, siku nyingine nakuwa upande huu, siku nyingine ule.

Kwa anayetaka mbadala. Kama umepungukiwa kidogo tu wakati wa kutuma, ile Songesha ya Voda na wenzake wa mitandao mingine, wanakata ada ndiyo, ila deni lako wanalijua wao na wewe. Hela kubwa kidogo rudi kikoba, kaa kwenye kile kiti cha plastiki, aibu yake ina mipaka, inaishia Jumapili. Ukilazimika na apu, angalia kama ina leseni BoT, na ikikuomba majina ikatalie kwanza, ikigoma kufunguka umeshajibiwa.

Blowa inafanya kazi mpaka leo, nzuri sana. Mbuzi hakuuzwa. Kijana wa jirani Korogwe nikienda huwa ananiamkia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Jana nimeletewa tangazo tena, jina jipya kabisa, kijani kilekile, "ndugu mteja umepata 300,000". Nyota moja, na hiyo moja ni ya zile dakika nne.