Miezi sita na wakala wa mawakili wa muda wa elimu na mahitaji maalumu

Kwa miezi sita nilifanya kazi katika idara ya sheria ya halmashauri moja ya England, nikipitia wakala anayewatafutia mawakili kazi za muda katika fani ya elimu na mahitaji maalumu. Tathmini hii nawaandikia wanasheria wenzangu wa Kiswahili walioidhinishwa huko na wanaoifikiria njia hiyo.

Usaili wao ni wa kusifiwa. Aliyenihoji hakutosheka kusikia kwamba nimewahi kusimamia rufaa za wazazi wanaopinga maamuzi ya halmashauri. Alitaka nimweleze kwa nini Sehemu F ya mpango wa elimu, afya na matunzo (hati ya kisheria ya mtoto mwenye mahitaji maalumu, ambayo sehemu yake hiyo hutaja msaada wa elimu atakaopewa) haipaswi kuandikwa "msaada wa usemi kadiri utakavyohitajika", bali itaje msaada gani, saa ngapi na nani atautoa. Kazi yote imejengwa hapo, kwa kuwa kifungu cha 42 cha Sheria ya Watoto na Familia ya 2014 kinailazimisha halmashauri kutoa msaada ulioainishwa katika mpango, na maneno yakilegea, mtoto ndiye anayekosa.

Malipo yalifika kila wiki bila kuchelewa. Hata hivyo, kiwango cha saa nilichotajiwa kilibeba ndani yake mchango wa bima ya taifa wa upande wa mwajiri, ambao kampuni ya kati inayolipa mishahara huukata kwanza, nami niliyajua hayo kwenye hati yangu ya kwanza ya malipo. Dai hesabu ya fedha itakayokufikia mkononi kabla ya kutia saini.

Kilichoniumiza zaidi ni makabidhiano. Aliyenitangulia aliondoka Ijumaa, mimi nikaingia Jumatatu, na hakuna aliyetupangia kukutana hata saa moja. Nilikuta majalada ambayo ushahidi wake ulitakiwa kufika kwenye baraza la rufaa wiki hiyohiyo. Kuanzia ombi la kutathmini mahitaji ya mtoto hadi mpango wa mwisho, halmashauri ina wiki 20, na siku hizo haziachi kuhesabika eti kwa sababu wakili amebadilishwa. Mama mmoja, ambaye mwanawe hazungumzi, alikuwa ameshaandikiana na mawakili watatu wa halmashauri kabla yangu, na kila mmoja alimwomba ripoti ileile ya mtaalamu wa usemi. Ripoti ilikuwamo jaladani. Nilimpigia simu nikamwomba radhi.

Nilipolalamika, wakala alijibu kwamba makabidhiano ni jukumu la halmashauri. Sikubaliani naye hata kidogo: anayelipwa ada kwa kila saa ya wakili anaweza kudai katika mkataba siku mbili za mawakili wawili kufanya kazi pamoja, na gharama yake ni ndogo kuliko ya rufaa moja iliyoharibika.

Nitafanya nao kazi tena kwa sharti hilo. Muda wangu ulipokwisha niliomba siku mbili na mrithi wangu, nikapewa moja, nasi tukaianza kwa jalada la yule mtoto.