Faiba ya nyumbani Kigoma: taa nyekundu, na majibu aliyopewa mama yangu kaunta

Kampuni siitaji jina. Ni faiba ya nyumbani, yaani intaneti inayokuja kwa uzi mwembamba wa kioo, nimefungiwa hapa Kigoma kwenye eneo liitwalo Mwanga, na hadi naandika haya hasira haijanitoka. Bei na kasi za vifurushi mtaziona kwenye mabango yao, huko sitapoteza muda.

Mimi ni mhasibu na ofisi yangu ni sebuleni. Natunza hesabu za wafanyabiashara wa mawese, wa dagaa na wa vitenge, na kila mwezi ritani zao za VAT, yaani taarifa za kodi ya ongezeko la thamani, lazima ziwe zimeingia TRA, mamlaka ya mapato, kufikia tarehe 20. Mtandao ukikata tarehe 19, hakuna wa kuniuliza mtandao ulikuwaje. Mteja anapigwa faini ya kuchelewa, na mimi ndiye ninayepigiwa simu usiku. Kwa hiyo nikilalamikia intaneti ya nyumbani, nalalamikia ugali wa watoto.

Kabla ya faiba nimepita kwingine. Waya wa shaba, ule wa simu ya mezani, tulikuwa nao tangu enzi za marehemu baba. Mvua za kwetu mnazijua. Unyevu ukishaingia kwenye viungio simu inakwaruza, na intaneti iliyopanda juu ya waya huohuo inakufa kila radi ikipiga. Na kadiri nyumba ilivyo mbali na kituo cha simu ndivyo kasi inavyoshuka, achilia mbali wezi wa shaba. Akija mtu leo kukuuzia hiyo, mpe maji ya kunywa aende zake. Intaneti ya kebo ya televisheni, ambayo ndugu zetu walioko Marekani wanaisifu au kuilaani, mtaani kwetu haipo, siisemei.

Nikahamia kwenye ruta ya laini, hii ya kuchomeka kadi ya simu na kuiweka dirishani. Niitendee haki: asubuhi inafanya kazi vizuri. Alfajiri ndiyo kabisa, faili linapanda kabla hujamaliza chai. Tatizo ni kwamba mnara mmoja unahudumia mtaa mzima, na jioni watu wakirudi nyumbani kila mmoja anavuta upande wake. Kuanzia saa moja usiku hadi kama saa nne ukurasa mmoja wa TRA unazunguka mpaka unakutupa nje na kukuambia uingie upya. Halafu Kigoma ni mji wa milima. Nyumba yetu imejificha nyuma ya mwinuko, mnara hatuuoni, kwa hiyo hata ruta ikisomeka imejaa, mawimbi yanayotufikia ni yaliyopindapinda. Jirani wa juu kidogo tu, laini ileile, kampuni ileile, anapata mara mbili yangu. Anayekwambia wayalesi ni nzuri au ni mbaya bila kuuliza nyumba yako iko wapi, hajui anachokisema.

Faiba ilipofika mtaani nilifurahi, sifichi. Miezi ya mwanzo niliisifu kwa kila mtu. Jioni ilikuwa sawa na asubuhi. Hata umeme ukikatika nilibaki hewani, kwa sababu kati ya kituo chao na nyumbani kinachopita kwenye ule uzi wa kioo ni mwanga mtupu, na kile kigawanyio cha kwenye nguzo, kinachogawa mwanga huo kwa nyumba kadhaa, hakihitaji umeme wowote. Unachohitaji ni kibetri kidogo cha volti 12 cha kuwashia kiboksi chako cha ndani kinachopokea mwanga huo, basi, mradi kituo chao nacho kina jenereta. Sisi tuliokulia kwenye mji uliowashwa na majenereta ya dizeli miaka na miaka kabla ya gridi ya taifa, jambo hilo peke yake lilitosha kunifanya nilipie. Nilikuwa tayari kuwapa alama zote.

Ndipo ikaja ile wiki. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza, na kampuni ilikuwa imetoka kumuunganisha mteja mpya nyumba ya pili kutoka kwetu. Jioni hiyohiyo kiboksi changu kikawasha taa nyekundu, ile iliyoandikwa LOS, ikawa inapepesa. Taa ya PON, inayoonyesha kiboksi kimeunganika na kituo, ikazimika. Ritani za wateja zilikuwa mezani.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Zima ruta, subiri kidogo, washa." Nimezima, nimewasha, bado nyekundu. Nikapiga tena, akapokea mwingine, tukaanza upya: jina, namba ya simu, zima, washa. Nikamwambia, dada yangu, taa ya LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kiboksi, kuzima na kuwasha hakuleti mwanga. Akaniambia nisubiri, fundi atanipigia. Hakuna aliyepiga. Kesho yake hivyohivyo, na siku iliyofuata.

Mimi nilikuwa nimebanwa, napandisha ritani kwa hotspoti ya simu huku bando likiyeyuka, sikuweza kutoka. Mama yangu akasema naenda mimi. Mama ni mwalimu mstaafu, amefundisha shule za msingi Kasulu mpaka mvi zikamkuta darasani. Nikamwandikia kwenye karatasi kila kitu: taa ya LOS nyekundu, PON imezimika, jirani wa upande wa pili wa barabara, kampuni hiyohiyo, anapata mtandao bila shida, kwa hiyo tatizo liko kwenye waya unaokuja kwetu. Akapanda bajaji akaenda mjini na karatasi yake.

Yaliyotokea huko amenisimulia yeye, na amenisimulia mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni nyuma yake, na hawakupishana neno. Kijana wa kaunta alikuwa na simu mkononi. Shikamoo hakutoa. Mama ndiye aliyeanza, "Habari za kazi, mwanangu." Akajibiwa, "Sema shida yako." Mama akamsogezea karatasi. Hakuisoma. Akasema mkongo wa baharini, ule waya mkubwa unaotuunganisha na intaneti ya nje, umekatika, nchi nzima haina mtandao, wasubiri tu. Mama akamwambia kwa upole, mbona jirani anao? Kijana akasema, na hapa naandika kama nilivyoambiwa: "Mama, haya mambo ya faiba huwezi kuyaelewa. Na hapa ni mwisho wa reli, msitegemee mtandao kama wa Dar." Mama akaomba namba ya tatizo, ili mwanaye afuatilie. Akaambiwa mfumo uko chini, hakuna namba. Akasimama pale, watu wakimtazama, mwanamke aliyefundisha watoto wa watu kusoma, kisha akachukua karatasi yake akarudi nyumbani.

Sasa nimjibu yule kijana hapa, maana mama yangu hakumjibu.

Mkongo wa baharini ukikatika, taa ya LOS nyumbani kwangu haibadiliki rangi. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kweli, nchi ilitaabika, na waliokuwa na faiba waliona taa zao za kijani kama kawaida huku kurasa za nje zikigoma kufunguka. Uzi kati ya nyumba na kituo ulikuwa mzima, kilichokosekana ni njia ya kutoka nchini. Taa nyekundu ya LOS ni habari ya mtaani: waya umekatika, umebanwa, umekunjwa, au konekta, kile kichwa cha kuchomekea waya, imechafuka, mahali fulani kati ya kituo chao na ukuta wangu. Mtu anayekaa kaunta ya kampuni ya faiba asiyejua hilo hajafundishwa. Anayejua na bado akasema bahari, amemdanganya mama mtu mzima usoni.

Na hilo la mwisho wa reli. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na kutoka Dar ni kama kilomita 1,250. Mwanga ndani ya kioo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde moja. Piga hesabu. Safari yote hiyo ya treni, iliyowachosha mabibi zetu kwenye mabehewa, mwanga unaimaliza chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Umbali wetu na Dar si sababu ya taa nyekundu huku mtaani kwetu Mwanga.

Fundi hatimaye alikuja, tena kwa sababu nilipata namba yake kwa mtu, kampuni haikumtuma. Kijana mpole, alimwamkia mama kabla hajavua begi. Alichomoa waya kwenye kiboksi, akachomeka kipimo chake cha nguvu ya mwanga: hasi 31 dBm, na hapo namba ikizidi kushuka chini ya sifuri ndivyo mwanga unavyozidi kufifia. Akanionyesha mwenyewe, akasema kiboksi hiki kikipata chini ya hasi 27 hakisomi kitu. Akasafisha konekta, haikusogea. Akatoka, akapanda nguzo, na pale juu akakuta waya wetu umekunjwa na kukazwa kwa kifungio wakati wanamuunganisha yule mteja mpya. Kioo ukikikunja hivyo mwanga unavuja pale kwenye kunjo. Akaulegeza, akauzungusha mviringo mpana kama inavyotakiwa, akashuka, akapima: hasi 22. Taa ya kijani. Kazi yote haikumaliza hata sufuria ya wali jikoni.

Yaani wao wenyewe ndio walioukunja. Wiki nzima ya mateso, bando la simu, mteja mmoja wa vitenge aliyechelewa na kunifokea, mama yangu kudhalilishwa mbele ya watu, kwa kifungio kilichokazwa na mkono wa kampuni hiyohiyo.

Mtaniuliza, basi tuchague nini? Wiki ile ningewaambia wote mkae na ruta ya laini, kwa sababu ikizingua unahamisha kadi kwenye laini nyingine na kazi inaendelea, hupigi magoti kwa mtu wa kaunta. Leo faiba inakwenda vizuri na najua kwa kipimo kwamba hakuna kinachoifikia. Kwa mtu wa kazi kama yangu, chukua faiba. Lakini usichukue kabla hujauliza mtaani nani hupanda nguzo waya ukiharibika, na huchukua muda gani kufika. Kama jibu ni "piga namba ya huduma", chukua laini ukae nayo. Mimi nimebaki na vyote viwili, na sipendi, ni gharama mara mbili kwa sababu ya uzembe wa mtu mwingine.

Na ukiona taa nyekundu, ipige picha, andika muda, na usiondoke kaunta bila namba ya tatizo. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, hawapokei lalamiko lako mpaka uwe umelipeleka kwanza kwa kampuni, na bila namba hiyo kampuni itasema haijawahi kukusikia. Nahisi ndiyo maana mama alinyimwa.

Nimelipia mwezi huu. Mwezi ujao sijaamua, na kasi haihusiki katika uamuzi huo. Nataka namba ya tatizo yenye tarehe ya siku ile mama alipokwenda, na nataka yule kijana amwombe mama yangu radhi palepale kaunta, kukiwa na foleni.