Kuunganisha refarensi za Unity kwa mkupuo kupitia ajenti wa AI, haya ndo maoni yangu

Wakuu habari zenu. Kama unatengeneza gemu na Unity unaijua hii kazi, skripti ushaandika, kodi imekompaili freshi, alafu unafungua Inspekta (dirisha la mipangilio ya kitu) unakutana na visanduku vya refarensi, yani vya kuiambia skripti itumie kitu gani, vimejipanga vyote vimeandikwa None, inabidi uburute kitu kimoja kimoja kutoka kwenye Hairaki (orodha ya vitu vya gemu) ukidondoshe mahali pake, ukiruka kisanduku kimoja tu ukibonyeza Play skripti ikifika pale inakutupia UnassignedReferenceException. Kwenye sini ndogo, yani eneo moja la gemu lenye vitu vichache, sio ishu. Sisi tuna gemu ya daladala, ruti ni Mbagala kwenda Kariakoo, na kila kituo kuanzia Rangi Tatu, Zakhem, Mtongani, Uhasibu na kuendelea kina sehemu ya gari kusimama, paneli ya nauli, sauti ya konda na picha ya kibao, sasa zidisha mwenyewe.

Ndo tukaweka ile daraja ya MCP kati ya Unity na ajenti, yani AI inayofanya kazi yenyewe kwa kutumia zana. MCP kwa ambaye hajakutana nayo ni utaratibu waliotoa Anthropic Novemba 2024 wa kumfanya modeli wa AI aweze kuendesha programu nyingine, na kwa Unity daraja za hivi zipo kadhaa, nyingi ni za bure na kodi yake iko wazi. Nachokiongelea hapa ni kipengele kimoja tu cha hii tuliyochukua, cha kupachika refarensi nyingi kwa ombi moja.

Na nasema kabisa, hiki kipengele ndo sababu ya kuiweka. Zamani ajenti alikuwa anaweza kupachika, ila moja moja, anatuma ombi, anasubiri jibu, anafikiria, anatuma lingine, na kila jibu linarundikana kwenye maongezi kwaiyo tokeni (vipande vya maandishi ambavyo AI inahesabia matumizi) zinakatika na bando linakatika pia. Sa hivi anaandaa orodha nzima, kitu gani, komponenti gani (sehemu ya kitu, kama skripti), fildi gani (kile kisanduku), na nini kiingie, anaituma mara moja. Ukiwa unafanyia kazi geto Sinza kwa hotspoti ya simu utaiona tofauti chap.

Kilichonipendeza zaidi ni inavyofanya kazi kwa ndani. Haigusi faili la sini moja kwa moja. Kuna watu wanawaachia ajenti waedit faili la sini kama maandishi ya kawaida, aisee hiyo msifanye, mle refarensi zinashikwa na fileID na guid (namba za utambulisho), namba ikikosewa kidogo kisanduku kinageuka Missing na kutafuta ilipovunjikia ni shughuli. Hii inapita njia ileile ya Inspekta yenyewe, inafungua SerializedObject (njia ya Unity ya kusoma na kuandika thamani za kitu), inatafuta fildi kwa jina, inaweka thamani, inaapplai. Ndo maana Ctrl+Z inafanya kazi, prefabu (kiolezo cha kitu unachokitumia mara nyingi) inatambua kwamba kimebadilika nini, na hata fildi za private (zilizofichwa kwa kodi nyingine) zenye SerializeField (alama ya kuzionyesha kwenye Inspekta) zinashikika bila kuzigeuza kuwa public. Orodha pia inaziweza, unamwambia vituo.Array.data[0] ni Rangi Tatu, [1] ni Zakhem, unaenda hivyo, kumbuka tu inaanza na sifuri na nafasi ziwe zimeshaongezwa.

Kingine ni ripoti. Ikimaliza inarudisha mstari kwa kila kisanduku, hiki kimeingia, hiki kimegoma na kwanini. Mimi hiki nakipima kuliko spidi, kwasababu zana inayosema tayari wakati visanduku vitatu viko tupu itakupotezea jioni nzima.

Sasa matatizo yake, na hapa wanaotengeneza wanatakiwa wakaze. Kubwa kuliko yote ni majina. Ukitaja kitu kwa jina tupu inachukua cha kwanza inachokikuta, na gemu yetu kila paneli ina kitu kinaitwa Kitufe, kwaiyo kitufe cha Uhasibu kikaingia kwenye kituo cha Mtongani na ripoti ikaandika imefanikiwa, maana aina ya kitu ni sahihi. Dawa yake ni kutoa njia nzima, Kanvasi/PaneliMtongani/Kitufe. Namba za InstanceID (ambazo Unity inakipa kila kitu) nazo usizitunze za jana, ukifunga Unity ukafungua tena hazitegemeki.

Alafu haioni vitu vilivyozimwa. Paneli zetu za nauli zinaanza zikiwa zimezimwa, ikasema hazipo wakati ziko pale pale kwenye Hairaki. Inaelekea inatafuta kwa GameObject.Find ambayo kweli haigusi kitu kisicho aktivu. Inabidi uziwashe, upachike, uzizime. Hii inakera kwasababu karibu kila gemu ina paneli za hivyo.

Picha nazo zina mambo. Fildi inataka Sprite (picha iliyoandaliwa kuonyeshwa kwenye gemu), ukampa njia ya faili la png tu, inabeba Texture2D (picha ghafi) maana ndo aseti kuu ya lile faili na Sprite iko ndani yake, inagoma. Mwambie ajenti wazi kwamba anahitaji Sprite, itapita.

Prefabu iliyoko kwenye folda kutokushika kitu cha kwenye sini hilo msiilaumu zana, Unity yenyewe hairuhusu, kipachike ukishaiweka prefabu kwenye sini. Na usipachike ukiwa Play, ukisimamisha vya kwenye sini vyote vinafutika.

Kwa ujumla naipa nne kwa tano. Kama sini yako ina visanduku kumi buruta kwa mkono umalize, kama una vituo, silaha, maduka au leveli nyingi zinazofanana basi iweke leo, ila fanya commit ya Git (hifadhi hali ya mradi uweze kurudi nyuma) kabla ya mkupuo wowote mkubwa. Ninachowaomba waongeze ni jaribio kavu, yani initajie itapachika nini wapi kabla haijagusa kitu, wakiweka hilo na kuona vitu vilivyozimwa nyota ya tano naitoa bila kufikiria.