Bia za Kuweka: Ipi Ununue, Ipi Uinywe Leo

Bia nyingi hazina faida ya kungojwa. Tusker, Kilimanjaro, Safari, Primus na jamaa zao hutengenezwa zinywewe zikiwa mpya, na kila mwezi zinaokaa stoo zinapungukiwa. Mbege na ulanzi ndiyo kabisa: ukivilaza siku mbili, umeshapata kinywaji kingine. Lakini lipo kundi dogo la bia, hasa za Ubelgiji na Uingereza, ambazo ukizitunza vizuri mwaka, mitano au hata ishirini, zinakupa ladha ambayo hukuinunua. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuanza kuziweka, awe Brussels ambako duka la bia liko mtaa wa pili, au awe Nairobi au Dar es Salaam akisubiri ndugu amletee kwenye begi.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Bia ya kwanza kuweka isiwe ile kali kuliko zote wala ghali kuliko zote. Iwe ile inayobadilika upesi kiasi kwamba utayaona mabadiliko yenyewe ukiwa bado unakumbuka ilivyoanza. Wengi hununua chupa moja ya fahari, wakaifungia miaka kumi, na siku ya kuifungua hawana cha kuilinganisha nacho. Kwa hiyo nimezipanga hapa chini kwa kuangalia kile mnunuzi anachopata na muda anaotakiwa kusubiri, sio sifa za chupa.

Kwa nini moja hukomaa na nyingine huchakaa

Kinachozeesha bia ni oksijeni. Hewa kidogo iliyobaki shingoni mwa chupa siku ya kufungwa, pamoja na ile inayopenya taratibu kwenye kifuniko, hugeuza ladha. Katika bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, matokeo ni ladha ya karatasi, ya boksi lililolowa. Katika bia nzito ya kimea cheusi, oksijeni hiyohiyo huleta tende, zabibu kavu, lozi na ukali wa divai ya sherry. Hapo ndipo tofauti ilipo: bia nyeusi ina vitu vingi vya kugeuzwa kuwa kitu kizuri, nyepesi haina.

Hopsi nazo, yaani maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu, hazingoji mtu. Harufu yake ya maua na ndimu hufifia ndani ya miezi, na uchungu wake hulegea mwaka baada ya mwaka. Bia iliyotengenezwa kwa ajili ya hopsi, kama zile za mtindo wa IPA, inywe wiki hii. Usiniambie ina kilevi asilimia 8. Inywe.

Basi tafuta mojawapo ya mambo matatu: kilevi cha asilimia 8 kwenda juu pamoja na kimea cha kutosha, uchachu wa asili, au hamira hai ndani ya chupa. Hamira hai husaidia kwa sababu hula oksijeni iliyobaki na kuendelea na kazi polepole. Utaitambua kwa utando wa mashapo kwenye kitako cha chupa. Si sharti la lazima, na nitataja bia moja isiyo nayo ambayo hukaa miongo.

Ya kwanza: Orval

Abasia ya Orval, yaani nyumba ya watawa, iko kusini mwa Ubelgiji, karibu na mpaka wa Ufaransa, na kiwanda chake kimekuwa kikitoa bia tangu miaka ya 1930. Kilevi chake kwenye lebo ya Ubelgiji ni asilimia 6.2 tu, chini ya kiwango nilichotoka kukitaja, na bado naiweka mbele ya zote. Sababu ni hamira pori iitwayo Brettanomyces, inayotiwa kabla ya bia kufungwa. Hamira hii hula sukari ngumu ambazo hamira ya kawaida huziacha, na inaendelea kuzila chupani.

Chupa ya miezi miwili ina harufu ya hopsi mbichi na uchungu ulionyooka. Ikifika miezi sita hopsi zimeanza kurudi nyuma na harufu ya ngozi na nyasi kavu inajitokeza. Ikifika mwaka ni bia kavu kabisa, ina gesi nyingi, ina kitu cha shambani ambacho wengine hawakipendi hata kidogo. Mgahawa wa abasia wenyewe humuuliza mteja anataka changa au iliyokaa, na swali hilo peke yake linatosha kukuonyesha kwamba hizi ni bia mbili.

Lebo ina tarehe ya kufungwa chupa. Usiinunue bila kuisoma, kwa sababu dukani unaweza kukuta ya mwezi jana na ya mwaka jana rafu moja. Kwa Ubelgiji bei yake ni euro chache kwa chupa, na ndiyo maana unaweza kununua sita bila kuumia. Moja inywe sasa, nyingine baada ya miezi sita, nyingine mwaka, nyingine miwili. Kwa maoni yangu kilele chake ni kati ya mwaka mmoja na miwili. Baada ya hapo huwa kavu mno, ingawa kiwanda chenyewe huandika miaka mitano.

Ya pili: Oude Geuze

Hii ndiyo bia ya kukaa kuliko zote katika orodha, na kama si uchachu wake unaowashtua wageni ningeiweka ya kwanza. Inatoka Brussels na bonde la mto Senne, eneo la Pajottenland. Uji wa nafaka uliochemshwa humwagwa kwenye beseni pana la shaba usiku wa baridi, hewa ya nje ikaleta hamira na bakteria wenyewe, kisha ikaenda kwenye mapipa ya mbao. Mtengenezaji huchanganya pipa la mwaka mmoja, la miwili na la mitatu, na mchanganyiko huo ndio geuze. Lile changa lina sukari bado, na sukari hiyo ndiyo inayotoa gesi chupani.

Kwa kuwa bia hii tayari ina asidi, na hamira zake zimezoea njaa, muda hauitishi. Kiwanda cha Boon, cha Lembeek, huandika miaka 20 kwenye chupa zao, na sio kwa kujigamba. Anza na Oude Geuze ya Boon, ambayo ni rahisi kupatikana na ina ukali wa wastani. Cantillon wa Anderlecht, kiwanda cha mwaka 1900 kinachofanya kazi hadi leo katikati ya nyumba za watu, ni kali zaidi na hugombaniwa sana nje ya Ubelgiji.

Soma neno Oude kwenye lebo. Neno hilo linalindwa kisheria katika Umoja wa Ulaya. Geuze isiyo nalo mara nyingi imetiwa utamu, na hiyo haina sababu ya kuwekwa. Nyingine ya kuiacha ni kriek, yaani ile iliyolowekwa cheri, kama unachokipenda ni tunda lenyewe. Tunda hutoweka mapema, ukabaki na uchachu.

Ya tatu: Chimay Bleue, na ndugu zake wa abasia

Bia nyeusi za wamonaki wa Trappist, watawa wa Kikatoliki, ndizo watu huzifikiria kwanza wakisikia bia ya kuweka. Chimay Bleue, ya abasia ya Scourmont, ina asilimia 9. Inapatikana karibu kila mahali penye duka la vinywaji la maana, hata katika miji yetu mikubwa ya Afrika Mashariki huonekana mara mojamoja. Ile ya chupa kubwa ya sentilita 75, Grande Réserve, huandikwa mwaka kwenye lebo, jambo linalokurahisishia kutunza kumbukumbu. Ikiwa mpya ina pilipili kidogo na mkate. Ikifika miaka mitatu hadi mitano, pilipili hulala na zabibu kavu huamka.

Rochefort 10, yenye asilimia 11.3, ni bia kubwa zaidi, na nikiulizwa ladha peke yake ningeiweka juu ya Chimay. Nimeishusha kwa sababu moja: ni tamu sana ikiwa mpya, mnunuzi hana haja ya kungoja. Ukiiweka, ipe miaka mitano ndipo utaona kilichobadilika.

Westvleteren 12, asilimia 10.2, ina jina kubwa mno. Wamonaki wa Sint-Sixtus huiuza kwa miadi. Ukiikuta dukani mbali na hapo, kwa bei mara nne au tano, kumbuka hakuna ajuaye ilikaa wapi na kwa joto gani. Pesa hiyo inatosha Rochefort kadhaa kutoka duka linalojulikana, na hapo ndipo ningeipeleka.

Ya nne: zile za Kiingereza

Fuller's Vintage Ale hutolewa kila mwaka tangu 1997, asilimia 8.5, kila chupa ndani ya boksi lake. Utamu wake kwa mtunzaji ni kwamba mapishi hubadilika kidogo kila mwaka, kwa hiyo mwenye subira anakusanya safu. Hupita kipindi cha unyonge hivi, mwaka wa pili au wa tatu, ambapo hopsi zimekwenda na utu uzima haujafika. Usikate tamaa hapo.

J.W. Lees Harvest Ale, ya karibu na Manchester, ilianza 1986 na ina asilimia 11.5. Haina hamira hai chupani, na bado ni mojawapo ya bia zinazokaa muda mrefu kupita zote Uingereza. Ni tamu, nzito, ya kunywa glasi ndogo baada ya chakula. Aliye Marekani anaweza kuchukua Bigfoot ya Sierra Nevada, asilimia 9.6, ambayo ikiwa mpya uchungu wake unakaza ulimi, na ikikaa miaka minne hivi inakuwa na adabu.

Ya tano: Samichlaus, na bia nzito nyeusi

Samichlaus ya Austria hupikwa mara moja kwa mwaka, tarehe 6 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi. Ina asilimia 14 na hupumzishwa miezi mingi kiwandani kabla ya kutiwa chupani. Ikiwa mpya inachoma, na hailegei upesi. Nunua kama una mtoto aliyezaliwa mwaka huu na unataka chupa ya siku yake ya kutimiza miaka 18.

Stauti kali, yaani bia nyeusi za kimea kilichokaangwa, za asilimia 9 na zaidi, kama Old Rasputin ya California, hukaa vizuri miaka miwili au mitatu. Zilizotiwa kahawa, vanila au nazi usizitunze, kwani viungo hivyo ndivyo vinavyokufa mwanzo. Watu huniuliza kuhusu Guinness Foreign Extra, kwa kuwa ndiyo tunayoipata kila grosari, ikiwa na asilimia kati ya 6.5 na 7.5 kulingana na nchi. Ukiisahau mwaka haitakuaibisha, lakini haikupi kitu cha kutosha kulipia nafasi kwenye friji.

Pa kuiweka

Hapa ndipo ndugu zangu wa pwani mnahitaji kusikiliza kuliko wengine. Bia hukomaa vizuri kwenye nyuzijoto 10 hadi 13. Kila joto linapopanda nyuzi 10, mabadiliko ya kikemia huenda mara mbili hadi tatu kwa kasi. Chumba cha Dar au Mombasa chenye nyuzi 30 kinaizeesha bia mara tatu na nusu hadi mara saba kuliko sela (chumba baridi cha chini ya nyumba) ya Ubelgiji, tena haifiki kulekule kwa haraka: ladha ya boksi hutangulia kabla ya tende. Kabati la jikoni si mahali. Chini ya kitanda si mahali.

Nunua friji ndogo ya divai, iweke nyuzi 12, na uihesabu kuwa sehemu ya bei ya bia tangu mwanzo. Friji kuukuu yenye kidhibiti joto cha nje inafanya kazi hiyohiyo. Umeme ukikatika saa chache usihangaike, alimradi mlango ubaki umefungwa. Walioko Njombe, Iringa au Limuru wanaweza kujaribu stoo ya sakafu ya zege isiyopata jua, wakipima joto la mchana wa mwezi wa joto kabla ya kununua kreti.

Mwanga ni adui mwingine. Bia ikipigwa na jua hutoa harufu chafu ndani ya dakika, hasa iliyo kwenye chupa ya kijani au nyeupe. Acha chupa ndani ya maboksi yake. Zenye kifuniko cha bati zisimame wima ili mashapo yatulie chini na bia iguse hewa kwa eneo dogo. Geuze zenye kizibo cha gome la mti (cork) watengenezaji wengi huzilaza, na kwa miaka mingi ni vyema ufuate desturi yao.

Kwenye kila chupa bandika kipande cha karatasi: tarehe ya kununua, tarehe ya kufungwa kama ipo, na maneno matatu ya ladha ya ile uliyoinywa mpya. Siku ya kuifungua isimamishe wima tangu jana yake, itoe kwenye friji isiwe baridi ya barafu, nyuzi 12 hadi 14, kisha imimine polepole kwenye glasi moja kubwa bila kuiinua na kuirudisha, usije ukayachafua mashapo. Ukiona mashapo yanakaribia shingo, simama hapo.