Uzoefu wangu: kutembea kwa miguu kwenye hutong za Beijing

Siku ya kwanza nilikosea. Pale Shichahai, eneo la maziwa katikati ya Beijing, nilipanda baiskeli ya matairi matatu, jamaa akatukimbiza kwenye vichochoro kama anafukuzwa, akatushusha mbele ya duka la vinyago, kisha akadai zaidi ya tulichopatana. Kesho yake nikalipia matembezi ya miguu na dada mmoja mwenyeji, muda wa saa tatu, kundi la watu sita. Haya nayasifu bila kusita.

Hutong ni vichochoro vya Beijing ya kale. Inasemekana neno lenyewe ni la Kimongolia, maana yake kisima, na linaingia akilini: mji huo ulianza kujengwa mwaka 1267 kwa amri ya Kublai Khan, mtawala wa Kimongolia. Barabara kuu zilipewa upana wa hatua 24 za kipimo cha kale, ndogo 12, hutong 6, yaani kama mita 9. Nyingi zinakwenda mashariki hadi magharibi ili nyumba zielekee kusini, zipate jua na kuupa mgongo upepo wa kaskazini. Tulikwenda Januari. Upepo ule ulinifundisha kwa nini.

Mtaa wa Nanluoguxiang wenyewe umejaa maduka na watu, tuliupita haraka. Utamu uko ubavuni, hutong nane kila upande. Katika mojawapo, Mao'er, ndiko kwao Wanrong, aliyeolewa mwaka 1922 na Puyi, mfalme wa mwisho wa China.

Mbele ya mlango mmoja mwekundu, rangi imebabuka, dada alitusimamisha karibu robo saa. Chini kulikuwa na mawe mawili ya mviringo kama ngoma, yamelainika kwa kukaliwa na watoto: dalili ya nyumba ya afisa wa jeshi. Ya mraba huwa ya afisa wa kiraia. Juu ya mlango, vigingi vya mbao vinne. Nyumba ya hadhi ndogo ina viwili. Hadi leo Wachina wakiona bwana na bibi harusi wa hadhi moja husema milango yao inalingana. Mpita njia alikuwa anasoma ukoo mzima kabla hajabisha hodi!

Ndani nikahuzunika kidogo. Ua uliojengwa kwa familia moja uligawiwa kwa nyingi baada ya Wakomunisti kushika nchi mwaka 1949, na tetemeko la Tangshan la 1976 lilipofanya watu wajenge vibanda uani, vibanda vikabaki. Njia imebana, unapita kiubavuubavu. Ukutani nilihesabu mita za umeme kumi na moja. Chini ya dirisha, kabichi za kichina zimepangwa kama matofali, na mzee mmoja akatuitikia salamu bila kuacha kuzifunika. Juu yetu njiwa walipita wakivuma, kwa kuwa hufungwa vifilimbi mkiani.

Wengi wa humo hawana choo ndani. Hata usiku wa barafu hutoka kwenda choo cha umma mtaani. Ni bure, ila beba karatasi zako. Hilo tangazo la matembezi halikulisema, na lilipaswa kusema.

Hutong nyingi zimeshabomolewa, hasa tangu miaka ya 1990. Dada alituchorea kiganjani herufi ya Kichina isomwayo "chai", maana yake bomoa, iliyokuwa ikipakwa kwenye kuta, na sauti yake ikapungua.

Kabla ya kulipa uliza kundi lina watu wangapi. Wakizidi kumi, ua kama ule hamtaingia.