Mifupa juu ya vichwa au viti vinavyotetemeka?

Mwaka 1959 William Castle, mwongozaji wa filamu za kutisha, aliziletea kumbi za sinema za Marekani vitimbi viwili vya kuvuta watu. Filamu yake House on Haunted Hill ilikuja na Emergo: mifupa ya binadamu ya plastiki iliyovutwa kwa waya juu ya watazamaji. The Tingler ikaja na Percepto: mota ndogo zilizofungwa chini ya baadhi ya viti.

Kwa ukumbi unaotaka kuonyesha filamu hizi upya, Emergo ni rahisi: waya mmoja uliokazwa vizuri, roda mbili, kamba na mtu wa kuivuta. Waya ukilegea, mifupa inakwama katikati na hofu inageuka kicheko. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba siri haidumu. Enzi hizo watoto walishajua inakuja, wakaitupia maboksi ya bisi. Waya ufungwe mbali kabisa na mkono wa mtu aliyesimama.

Percepto inadai kazi: nyaya chini ya kila safu iliyochaguliwa, boliti zikazwe upya kabla ya kila onyesho kwa sababu mtetemo huzilegeza, na mtu anayeijua filamu abonyeze swichi kwa wakati. Lakini ndiyo bora. Haihitaji viti vyote. Kumi vilivyotawanywa vinatosha, kwani skrini ikizima na sauti ya Vincent Price, nyota wa filamu hiyo, ikawahimiza watu wapige mayowe, yowe la mmoja huambukiza safu nzima. Tumia umeme wa volti 12 tu, soda humwagika.