Kabla hujanunua bodi ya emuleta ya kuweka kwenye ganda la PS, uliza inazimwaje

Meseji ninazopata kuhusu hizi emuleta, yaani bodi ndogo za kompyuta zinazopiga gemu za konsoli za zamani, za kuweka ndani ya ganda la konsoli ya zamani, karibu zote zinafanana. Dada, ilikuwa inapiga vizuri tu, nimeizima jana leo naiwasha TV nyeusi. Dada, sevu za mtoto zote zimepotea. Dada, fundi kasema kadi imekufa, nimenunua nyingine na yenyewe imekufa. Wengine wako hapa Mwanza, Igoma, Nyakato, Kirumba, na kuna mmoja yuko Nansio huko Ukerewe, yeye kadi ikifa anasubiri mpaka apate mtu wa kuvuka na meli ndo aletewe nyingine. Na wote hawa walipokuwa wananunua waliuliza maswali yaleyale, ina gemu ngapi, RAM ngapi, inatoa 4K au haitoi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza inazimwaje.

Kwa hiyo hapa idadi ya gemu siigusi. Gemu elfu kumi ni orodha ya kuvutia mteja, nusu ni za Kijapani na zingine zimejirudia mara tatu. RAM nayo, kama unataka Nintendo, Sega na PS1, GB 1 inakutosha kabisa. Mimi naanza na swichi na naomba mnivumilie maana hapo ndo hizi mashine zinapofia.

Iko hivi. Famicom ya 1983, Mega Drive ya 1988, PS1 ya 1994, zote ukizima ulikuwa unakata umeme na habari imeisha. CD ilikuwa inasomwa tu, haiandikwi kitu. Sasa hii bodi unayoiweka ndani ya ganda ni kompyuta kamili, inaendesha Linux kutoka kwenye kadi ya microSD, na muda wote inaandikaandika vitu kwenye hiyo kadi hata kama wewe huoni. Ukikata umeme katikati ya kuandika faili linabaki nusu, na kama ni faili la mfumo wenyewe basi kesho haiwaki. Kadi mara nyingi haijaungua wala nini, kilichoharibika ni kilichomo, ukiipakia mfumo upya inarudi, lakini fundi anakuuzia mpya.

Na la sevu ni baya zaidi. Recalbox, Batocera na RetroPie, ile mifumo ya bure inayopakiwa kwenye kadi, zote zinategemea sana RetroArch, programu inayopiga gemu zenyewe, na RetroArch kwa setingi zake za kawaida ile sevu unayoweka ndani ya gemu inakaa kwanza kwenye RAM, inaandikwa kwenye kadi pale unapotoka kwenye gemu. Ukizima kwa kukata umeme hukutoka. Mtoto kacheza mchana kutwa, kasevu, gemu yenyewe imemwambia imesevu, kabonyeza POWER kama alivyozoea na kazi yote imeenda. Inaniuma kweli kwa sababu dawa ipo humohumo, ni setingi ya kusevu SRAM (hiyo sevu ya ndani ya gemu) kila baada ya sekunde kadhaa, inakuja ikiwa imezimwa, iwashe uweke hata sekunde 10.

Sasa mafundi wetu wengi wanafanyaje. Wanachukua swichi ya zamani ya konsoli wanakata waya wa chaja wanaupitisha humo, ukibonyeza inawaka ukibonyeza inazima, mteja anafurahi kuona kitufe cha asili kinafanya kazi, kumbe kila akizima anaing'oa kompyuta kwenye soketi. Njia sahihi ni nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye kitufe kwenda pini namba 5 na namba 6 za bodi ya Raspberry Pi, zile kati ya pini 40. Umeme wa chaja unaenda moja kwa moja kwenye bodi, kitufe kinatuma taarifa tu kwamba nataka kuzima, bodi inafunga gemu, inamaliza kuandika, ndo inalala. Ukibonyeza tena inaamka. Kwenye Recalbox na Batocera kuna mstari wa setingi unaitwa system.power.switch, unaandika PIN56PUSH kama kitufe kinarudi juu chenyewe au PIN56ONOFF kama kinabaki kimezama au ni cha kusukuma pembeni. Ikishalala taa nyekundu inabaki inawaka, msiogope, subiri ya kijani iache kupepesa ndo uchomoe.

Ndo maana hata ganda unalochagua lina maana. Ninalolipenda kuliko yote ni PS2 nene, kitufe chake cha mbele kinarudi juu chenyewe na ndani kuna nafasi ya kutosha bodi na feni na nyaya zako zote. PS1 ya kijivu POWER yake inabaki imezama, kwa hiyo tumia RESET. Mega Drive ya kwanza ni ya kusukuma pembeni, weka ONOFF. Maganda yenyewe hayana shida Mwanza, zunguka kwa wenye vibanda vya PS na mafundi uulizie PS2 iliyokufa lensi, wanazo zimerundikana chini ya meza. Ila tafadhali msifungue konsoli inayopiga kazi mkatoa matumbo yake, hilo nalipinga kabisa, chukueni zilizokufa.

Haya, bodi.

Namba moja ni Raspberry Pi 4, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Raspberry Pi, kampuni ya Cambridge Uingereza ambayo bodi yake ya kwanza ilitoka 2012 na mpaka leo maelezo yao ni ya wazi, pini zimekaa palepale, kitufe ulichofunga kwenye Pi 3 unakihamishia kwenye Pi 4 na setingi ileile. Pi 4 ilitoka 2019, nunua ya GB 2, ya GB 8 usihangaike nayo. Nintendo, Sega, PS1 inakimbiza bila jasho, Dreamcast na PSP nyingi zinakubali, Nintendo 64 zipo zinazokubali na zipo zinazosumbua. PS2 haiwezi, hata uiweke ndani ya ganda la PS2, mtu asikudanganye. Kuamka na kulala kwa pini 5 na 6 inafanya bila kifaa cha ziada. Halafu ina tundu la duara la 3.5mm linalotoa picha ya AV pamoja na sauti, kwa hiyo mwenye TV ya chogo nyumbani anachomeka, ila waya uwe ule wa mistari mitatu kwenye ncha yake na uangalie mpangilio wake maana wa kamera za zamani zingine unabadilisha picha na sauti, na AV lazima uiwashe kwenye setingi. Chaja yake ni ya USB-C ya 5V amperi 3. Chaja ya simu ukiweka utaona alama ya radi kwenye kona ya TV, ukiiona hiyo ujue umeme hauitoshi. Joto lipo, ikifika nyuzi 80 inajipunguza kasi yenyewe, weka hitisinki (kile kipande cha chuma cha kupoza) na kafeni kadogo, na matundu ya ganda yazibe kwa neti laini kwa sababu msimu wa wale vijidudu vya ziwani wanaofuata taa wanaingia humo kwa mamia wanagandana kwenye feni.

Namba mbili naweka Raspberry Pi 3B+ ya 2018, hasa ukiipata iliyotumika kwa bei nzuri. Kama lengo lako linaishia PS1 hii inakumaliza, joto lake ni dogo, AV inayo, HDMI yake ni ile kubwa ya kawaida siyo kale kadogo ka Pi 4 ambako kila mtu anakanunulia adapta mbovu. Chaja 5V amperi 2.5.

Pi 5 wengi watashangaa naiweka namba tatu wakati ina kitufe cha kuzima kwenye bodi yenyewe na pembeni matundu mawili yameandikwa J2 ya kuungia kitufe cha nje. Kwa upande wa kuzima ndo bora kuliko zote, nakubali. Lakini inataka chaja ya 5V amperi 5 na hiyo kuipata hapa Mwanza ni kazi, ukiweka ya amperi 3 inawaka ila inabana umeme wa matundu ya USB mpaka miliampea 600, ukichomeka pedi na diski vinasumbua. Tundu la AV wameliondoa, mwenye chogo anatakiwa achomelee nyaya. Na joto lake ndani ya plastiki iliyofungwa silipendi.

Kuna njia nyingine ambayo maduka ya gemu hawaisemi kwa sababu hawaiuzi, ni zile kompyuta ndogo za ofisini za mtumba, Dell OptiPlex Micro, HP za aina hiyo, zenye i5. Unatoa bodi yake unapima kwanza kama inaingia kwenye ganda la PS2 nene, unapakia Batocera ya PC, na mkichagua yenye prosesa ya miaka ya karibuni hapo ndo mnaweza hata kujaribu PS2. Kitufe chake nacho ni cha kugusanisha nyaya mbili tu, fundi anachomelea waya kwenda kwenye kitufe cha ganda, inazima kistaarabu kama kompyuta yoyote. Tatizo ni chaja kubwa na kazi ya kukatakata ganda, siyo ya mtu anayeanza.

Pi Zero 2 W ni ndogo, inaingia mpaka ndani ya pedi, pini 5 na 6 ipo lakini matundu ya pini huwa matupu mpaka uchomelee. Zile fimbo za HDMI zenye pedi mbili na TV boksi za Android sina la kusema sana, hazina pini, kwenye fimbo kuzima ni kuchomoa, kadi yake ni ya hovyo, ukinunua nunua kwa ajili ya mwezi mmoja.

Umeme kukatika hilo swichi haiwezi kukusaidia. Zile UPS ndogo za ruta zinafaa ila nyingi upande wa 5V zinatoa amperi 2, soma kibandiko chake, tafuta ya 3. Pawabanki nyingi umeme ukikatika zinazima sekunde moja ndo zinaanza kutoa, hiyo sekunde moja inatosha kuua kila kitu. Kadi ya microSD ipime kabla hujapakia, kwenye Windows kuna H2testw na kwenye Linux kuna F3, ni za bure, zinajaza kadi yote na kukuambia kama GB 128 zilizoandikwa zipo kweli au ni 8 zimepakwa rangi.

Na hapa kwenye kununua ndo panaponichosha. Pi 4 ilizinduliwa kwa dola 35, Zero 2 W dola 15, Pi 5 ya GB 4 dola 60. Sawa, kuna usafiri, kuna ushuru, kuna mzigo kupanda basi kutoka Dar, siwanyimi watu faida. Lakini kwa nini bei haiandikwi? Picha nzuri, maneno mengi, bei njoo inbox. Ukienda inbox unaulizwa uko wapi, ukisema Mwanza bei inakuwa nyingine, ukisema unamnunulia mtoto zawadi ya kufunga shule inakuwa nyingine tena. Bodi inakuja haina boksi unaambiwa ndivyo zinavyokuja, siyo kweli, Pi 3, Pi 4 au Pi 5 mpya ya dukani kwa kawaida inakuja na kiboksi chake. Chaja unapewa ya simu unaambiwa ni ileile. Ukilalamika kadi imefeli, warantii hakuna kwa sababu eti umezima vibaya, na aliyeunga hiyo swichi ya kuzima vibaya ni yeye!

Kwa hiyo ukinunua iliyokwisha kufungwa kwenye ganda, iwe Makoroboi au duka lolote la mjini, usilipe mpaka muuzaji afanye hivi mbele yako: aingie kwenye gemu yoyote yenye sevu ya ndani, asevu, abonyeze kitufe cha ganda bila kutoka kwenye gemu. TV ikizima hapohapo kama balbu, swichi imeungwa kwenye waya wa chaja. Ikionyesha inafunga kwanza ndo inazima, awashe tena mwingie kwenye gemu ileile muone sevu ipo. Haichukui hata dakika tano, na asiyetaka kuzitoa hizo dakika usimpe hela yako.